Kriketi ya Kenya Haikuuawa na Ukata

Timu ya taifa ya mchezo wenye mashabiki wachache inapochapwa, jibu huwa tayari mdomoni: hakuna pesa. Serikali haitoi, wadhamini wamekimbilia soka na riadha, shirikisho lingefanya nini? Viongozi hulisema, waandishi hulinukuu, mashabiki huliamini.

Kriketi ya Kenya inalikanusha.

Machi 20, 2003, mjini Durban, vijana wa nahodha Steve Tikolo walicheza nusu fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya India. Walishindwa kwa mikimbio 91, lakini hakuna nchi nyingine isiyo na hadhi ya mechi za Test iliyowahi kufika hapo katika Kombe la Dunia la ova 50. Wapo wanaosema walibebwa na bahati, kwa kuwa New Zealand ilikataa kuja Nairobi kwa hofu ya usalama na Kenya ikapewa pointi. Sri Lanka lakini ilikuja. Pale Nairobi Gymkhana, Collins Obuya, kijana wa miaka 21, akaangusha wiketi 5 kwa mikimbio 24 tu, na mabingwa wa 1996 wakalala. Mwaka huohuo wa 1996, West Indies ilikuwa imezimwa na Wakenya mjini Pune kwa mikimbio 73.

Baada ya Durban, nchi ilikuwa na jina, hadhi ya kucheza mechi rasmi za siku moja na mgawo wa fedha kutoka Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC. Kilichofuata ni ugomvi. Wachezaji na chama chao, Kenya Cricket Association, walivutana kuhusu malipo hadi wachezaji wakagoma. Tangu Septemba 2004 hadi Februari 2006, Kenya haikucheza hata mechi moja rasmi ya siku moja. Mwaka 2005 serikali ilikivunja chama, na Cricket Kenya ikachukua nafasi yake. Mchezaji aliyekaa muda wote huo bila kukabili warushaji wa kiwango cha dunia harudi alivyokuwa, hata umlipe kiasi gani.

Hadhi yenyewe ikapotea 2014. Februari 2018 Kenya ilishika mkia Windhoek katika daraja la pili la ligi ya dunia, na nahodha, kocha na mwenyekiti wote wakajiuzulu.

Fedha zina umuhimu wake, nani atabisha? Ila tuwatazame majirani. Uganda, yenye uchumi mdogo kuliko wa Kenya, ilicheza Kombe la Dunia la T20 mwaka 2024 na kuifunga Papua New Guinea. Frank Nsubuga, mwenye miaka 43, alitoa mikimbio 4 tu katika ova zake 4. Rwanda, ambako kriketi ilipandwa na watu waliorudi kutoka uhamishoni, ilijengewa uwanja wa Gahanga kwa michango ya wahisani na kuufungua 2017. Januari 2023 wasichana wake wa chini ya miaka 19 waliishinda West Indies kwenye Kombe la Dunia. Wahisani hao walitoa kwa sababu waliona mpango wa kuutolea.

Kwa hiyo shirikisho lolote linalopeleka kilio chake wizarani lidaiwe kwanza hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita, ratiba ya ligi kuanzia shule hadi klabu, na mikataba inayoonyesha wachezaji watalipwa lini na kiasi gani. Wachezaji nao wapewe kura kwenye mkutano mkuu. Bajeti ijadiliwe baada ya hapo.