Dereva wa winchi akikataa mzigo, mlipeni siku yake

Nimeendesha winchi Dar es Salaam kwa miaka 22, na kwa miaka yote hiyo nimekataa mzigo mara nne. Mara zote nne nilirudi nyumbani bila posho.

Ya mwisho ilikuwa Mbagala. Jenereta lilitakiwa kuvushwa juu ya ukuta liingie ua wa nyuma. Winchi yangu ilikuwa na cheti kipya cha ukaguzi wa usalama cha OSHA kiooni, na ubavuni imeandikwa tani 25. Jenereta halikufika tani 5. Msimamizi wa saiti akacheka: "Mzee, tano kwa ishirini na tano, unaogopa nini?"

Hesabu hiyo ndiyo inayotumaliza. Tani 25 ni pale mkono umefupishwa na mzigo uko mita 3 hivi kutoka katikati ya winchi. Ukiunyoosha kufika mita 20, hata robo ya uzito ule haubebi. Kwa umbali wa ukuta ule, jedwali la uzito la winchi liliniruhusu tani 3 tu. Jedwali lenyewe limebandikwa mbele ya kiti kwa Kijapani, maana winchi nyingi hutufikia zikiwa zimeshatumika Japani. Namba zinasomeka, maana yake nilifundishwa na mzee aliyenitangulia.

Mikanda nayo ina hesabu yake. Miwili ikisimama wima, kila mmoja unabeba nusu ya mzigo. Ukiitanua hadi ilale kwa nyuzi 30 tu juu ya mzigo, kila mmoja unabeba sawa na uzito wote, kana kwamba mwenzake hayupo. Saidia fundi wengi huitanua hivyo kwa sababu mkanda mfupi ndio uliopo.

Lakini kilichonishusha kwenye kiti siku ile ni ardhi. Dar imejaa makaro ya maji machafu, na mengi yamemwagiwa zege juu yakasahaulika. Niligonga kwa nondo pale ambapo mguu wa winchi ungekanyaga, mlio ukaja kama wa ngoma. Nikauliza karo liko wapi. Hakuna aliyejua; nyumba ilikuwa imeshauzwa mara mbili.

Alasiri wakaleta kijana na winchi nyingine. Mguu ukazama, jenereta likaangusha ukuta, na saidia fundi mmoja akavunjika mguu. Watu wakasema ajali haina kinga. Kinga ilikuwapo asubuhi. Ilifukuzwa saa nne.

Simlaumu kijana. Posho yake hutoka mzigo ukinyanyuka. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi tunayo tangu 2003, na ukaguzi ni jambo jema, ila cheti hukagua chuma. Hakijui karo liko wapi wala mkanda umefungwaje leo. Anayejua ni dereva, naye tumemwekea njaa upande mmoja wa mizani.

Kwa hiyo ninawaomba wakandarasi na wenye winchi waongeze sentensi moja kwenye mkataba wa kukodisha: dereva akikataa kwa sababu ya usalama, siku yake inalipwa kamili, na haitwi mwingine mpaka mhandisi ashuke mwenyewe aiangalie ardhi. Gharama yake ni posho ya mtu mmoja.

Saidia fundi yule bado anatembelea magongo.