Guu la Beki na Mlango wa Zizi

Hakuna neno litumikalo ovyo katika kurasa za michezo za Australia kama neno ujasiri. Beki akianguka na kuinuka huitwa jasiri. Akipasuliwa goti mara ya tatu na bado akataka kurudi uwanjani, huitwa jasiri zaidi. Akilazimika kustaafu akiwa kijana wa miaka 24, hupewa neno hilohilo liwe zawadi ya kuagana. Anayelitoa hapungukiwi na kitu, na anayelipokea hawezi kulipeleka dukani wala kwa daktari wa mifupa. Ndiyo maana latolewa kwa wingi: limekuwa malipo ya badala, yatolewayo pale ambapo deni lenyewe halitaki kukiriwa.

Mchezo wenyewe wahitaji maelezo machache, kwani huku visiwani kandanda ni kitu kingine. Kandanda ya Kiaustralia, ambayo kanuni zake za kwanza ziliandikwa Melbourne mwaka 1859, huchezwa katika uwanja wa umbo la yai, watu 18 kila upande, bila ya sheria ya kuotea, kwa mpira uliochongoka ncha mbili, ambao waruhusiwa kudakwa kwa mikono na kupigwa ngumi kama upigwavyo teke. Mshambuliaji akiudaka hewani baada ya kupigwa teke umbali wa mita 15 au zaidi, hupewa nafasi ya kupiga bila ya kubughudhiwa. Kazi ya beki ni kulizuia hilo. Hurudi nyuma mbio, macho juu, asijue goti la nani wala bega la nani lamjia. Huruka, huupiga mpira ngumi uende mbali, kisha hushuka kwa mguu mmoja katikati ya miili ya watu wengine. Mshambuliaji huhesabiwa mabao aliyofunga. Mabao ambayo beki ameyazuia hayaonekani katika matokeo.

Alex Johnson alikuwa beki wa Sydney Swans. Mwezi wa Septemba 2012, akiwa na umri wa miaka 20, alitwaa ubingwa pamoja na wenzake kwa kuwashinda Hawthorn kwa pointi 10 katika fainali. Miezi michache baadaye, katika maandalizi ya msimu wa 2013, kano ya ndani ya goti lake la kushoto ilikatika. Ikatengenezwa, ikaharibika, ikatengenezwa tena, ikaharibika tena. Goti hilo moja lilijengwa upya mara tano, na jumla ya upasuaji ikafika 12. Alirudi katika ligi kuu mwezi wa Agosti 2018, baada ya zaidi ya siku 2,100. Sydney wakashinda kwa pointi mbili, na uwanja ukamshangilia kama mtu aliyefufuka. Wiki iliyofuata, katika mechi yake ya pili, kano ya goti la kulia ikakatika. Msimu ulipokwisha, jina lake halikuwamo tena katika orodha ya wachezaji.

Kisa hiki kimesimuliwa mara nyingi, na aghalabu kwa namna moja: kisa cha subira. Ni kweli subira ilikuwapo, tena si haba. Na haki isemwe: klabu ilimweka miaka mingi ambayo hakuichezea hata mechi moja ya ligi kuu, jambo ambalo klabu nyingi zisingelifanya. Lakini atazamaye vyema ataona kwamba sifa zote zimeelekezwa kwenye moyo wa kijana na wema wa waajiri wake, na hakuna aulizaye swali la kawaida ambalo lingeulizwa mara moja kama Johnson angekuwa mwashi aliyeanguka kutoka jukwaani: goti hili ni la nani kulitunza atakapofika miaka 50? Madaktari wajua kwamba goti lililokatika kano huelekea zaidi kupata ugonjwa wa baridi yabisi mapema. Mkataba haufiki huko. Hukoma na msimu.

Wahenga wamesema kuwa ng'ombe akivunjika guu hukimbilia zizini. Beki wa Australia naye hukimbilia zizini, na hapo ndipo hukuta jambo la ajabu. Sheria ya fidia ya wafanyakazi ya New South Wales ya mwaka 1998, na ile ya Victoria ya mwaka 2013, ziliandikwa zikimtoa mwanamichezo wa kulipwa katika hifadhi yake. Mchimba dhahabu akiumia kazini ni mfanyakazi. Hata mpanda farasi wa mashindano, ambaye naye yumo michezoni, huhesabiwa kuwa mfanyakazi. Mcheza kandanda ni mfanyakazi siku ya kulipa kodi, ni mfanyakazi siku ya kufukuzwa kwa kuchelewa mazoezini, lakini siku ya kuvunjika hugeuka kuwa mtu aliyekuwa akicheza.

Watetezi wa utaratibu huu hudai kwanza kwamba wachezaji hulipwa vizuri. Wapo walipwao vizuri sana, lakini hao ni nadra kuwa ndio beki wa mkataba wa mwaka mmoja, ambaye kila Oktoba hungoja simu ya kumwambia abaki au aondoke, na ambaye goti lake bovu ndilo hoja ya kwanza ya kumpunguzia thamani. Hudai pili kwamba upo mfuko wa chama cha wachezaji wa kuwasaidia walioumia. Mfuko huo upo, na umewafaa watu. Lakini msaada huombwa, na fidia hudaiwa. Atofautishaye mambo haya mawili hahitaji kuwa mwanasheria. Ligi iliyouza haki za matangazo ya misimu ya 2025 hadi 2031 kwa dola za Australia bilioni 4.5 haiwezi kusema kwamba haina uwezo wa kulipa bima ambayo kiwanda cha kusaga nafaka hulipa.

Dai la tatu ndilo lisemwalo kwa sauti ya chini: kwamba kijana alichagua mwenyewe. Naam, alichagua. Na mchimba dhahabu je, alisukumwa shimoni?

Goti, hata hivyo, huonekana. Lina bandeji, lina picha, lina mshono. Yaliyo kichwani hayaonekani. Nathan Murphy, beki wa Collingwood, aligongwa katika robo ya kwanza ya fainali ya 2023 na hakurudi uwanjani. Wenzake walishinda kwa pointi nne, naye akawa bingwa akiwa ametolewa. Haukuwa mtikisiko wake wa kwanza wa ubongo. Aprili 2024 alistaafu, na miaka yake ilikuwa 24. Paddy McCartin, aliyegeuzwa beki katika klabu ya Sydney baada ya mitikisiko kumkatisha kazi ya ushambuliaji, alikuwa amekwisha kustaafu mwaka uliotangulia. Tangu 2021 kanuni za ligi zimetaka mchezaji aliyetikisika ubongo apumzike si chini ya siku 12. Ni hatua njema, lakini Danny Frawley, nahodha na beki wa St Kilda wa zamani, alifariki 2019 akiwa na miaka 56, na mwaka uliofuata ubongo wake ulikutwa na CTE, maradhi yanayohusishwa na mapigo ya kichwa yaliyorudiwa kwa miaka, ambayo huthibitishwa tu mtu akishakufa. Siku 12 zahesabika. Kwa hayo mengine, nani ashike kalenda?

Septemba 2023, mwezi uleule aliogongwa Murphy, kamati ya Seneti ya Australia iliyochunguza mitikisiko ya ubongo michezoni ilitoa ripoti yake. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba serikali za majimbo zipitie upya vifungu vinavyowatoa wanamichezo wa kulipwa katika fidia ya wafanyakazi. Kifungu chenyewe ni cha mistari michache, na kukifuta hakuhitaji ujasiri wa kuruka juu ya watu watano. Kwahitaji wabunge wa Sydney na Melbourne, ambao kila mwaka hukaa viti vya heshima siku ya fainali, wainue mikono.