Kabla ya bulidoza, tuyahesabu mabonde ya Bukavu

Msimu wa mvua ukifika Septemba, mji wa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huanza tena mazungumzo yale yale: ukuta umeanguka katika komini ya Kadutu, barabara imekatika, nyumba zilizojengwa ovyo zibomolewe. Mwezi Juni vumbi linarudi, na amri za kubomoa zinalala hadi mvua nyingine. Sizitetei nyumba hizo, maana nyingi si salama. Ninachokipinga ni kuanzia mwishoni. Tunautawala mji kwa komini, kata na avenyu, ilhali matope na taka hufuata mito: Kawa, Wesha, Bwindi, Tshula. Kila mto una bonde lake, yaani ardhi yote ambayo mvua yake hukusanyika na kuteremkia mto huo, na katika kila bonde kuna watu wanaolima, wanaouza, wanaoponda mawe, wanaopikia makala, yaani mkaa. Mpaka tujue, bonde kwa bonde, nani anakula kutokana na mteremko upi, fedha za kuta na mitaro zitaendelea kusombwa na mvua.

Ushahidi ulio karibu zaidi ni Funu, ndani ya Kadutu. Mteremko ule ni poromoko la ardhi la zamani ambalo bado linashuka, polepole lakini bila kukoma. Mwaka 2022 jarida la Nature Geoscience lilichapisha utafiti wa Antoine Dille na wenzake, waliofuatilia mwendo wa poromoko hilo kwa takriban miaka 70, wakitumia picha za angani za zama za Wabelgiji na vipimo vya setilaiti. Waligundua kwamba mji ulivyozidi kupanda mlimani, mwendo wa ardhi uliongezeka, na wakauhusisha na namna ujenzi ulivyobadilisha njia za maji ardhini. Anayepita vichochoro vya Funu hahitaji setilaiti kuelewa jambo hilo. Bati halina mfereji, kwa hiyo maji ya paa yanadondokea msingi wa jirani wa chini. Maji ya kuogea yanamwagwa uani, shimo la choo linajaa na kuvuja, bomba lililopasuka linatiririka wiki nzima. Milango haifungi kwa sababu fremu zimepinda, na nyufa zinazibwa kwa udongo kila mwaka. Hapo kosa si la nyumba moja. Ni maji ya mamia ya nyumba ambayo hakuna aliyepewa kazi ya kuyafuatilia, na kubomoa mstari wa nyumba za chini hakupunguzi hata ndoo moja ya yale yanayotoka juu.

Fuata sasa kinachoshuka. Kawa inatiririka kati ya nyumba za Kadutu na Ibanda hadi Ziwa Kivu, ikibeba chupa, mifuko na kila kilichotupwa mtaroni. Ziwa lina mlango mmoja tu wa kutokea, Ruzizi, nao uko hapa hapa mjini. Kilomita chache chini ya mlango huo kuna bwawa la Ruzizi I, linalozalisha umeme tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha Ruzizi II ya mwaka 1989, mali ya Kongo, Rwanda na Burundi kwa pamoja. Plastiki huziba mahali maji yanapoingilia mitambo, wapiga mbizi hutumwa kuizoa, mashine husimamishwa, nasi hukaa gizani tukililaumu shirika la umeme, SNEL. Taka hizo si zetu peke yetu, ufuo wa Rwanda nao una zake, lakini mfuko uliotupwa Kadutu hauna safari ndefu ya kufika Ruzizi.

Umeme ukikatika, jiko ni la makala. Hata ukiwepo, kaya nyingi hupikia makala, ila kila kukatika kunaongeza idadi yao. Makala hayo yanatoka maeneo ya Kabare, Walungu na Kalehe, na mengine ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyoanzishwa mwaka 1970 na kuwekwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Mengi huingia mjini kwa mgongo wa wanawake, mzigo umeshikiliwa na kamba iliyopita kwenye paji la uso. Katika milima ya Kabare ndiko pia kiliko chanzo cha Murhundu, ambacho shirika la maji, REGIDESO, linakitegemea kwa maji ya bomba, na mlima uliovuliwa miti hutia tope chanzo chake. Rahisi kusema: pandeni miti. Lakini familia nyingi huko zinalima vipande vidogo kwenye miteremko mikali, huku ardhi kubwa na nzuri ikiwa imeshikwa tangu ukoloni na mashamba ya chai na kwinini. Wengine hulima kwa bwasa, ukodishaji wa msimu, ambao kwa kawaida haumruhusu mkulima kupanda miti wala migomba, kwa kuwa anayepanda mti ni kama anaidai ardhi. Mgawie mtu huyo miche elfu moja na hana pa kuipanda. Kampeni ngapi za miche zimefia hapo, bila mtu kuuliza ardhi ni ya nani na kwa mapatano gani?

Wapo watakaosema tatizo ni mvua, na mvua imebadilika kwa sababu ya moshi wa nchi tajiri. Nakubali kwamba wenye moshi wana deni kwetu. Hata hivyo tazama Kalehe. Mafuriko ya tarehe 4 Mei 2023 yaliua zaidi ya watu 400, wengi wao Bushushu na Nyamukubi, vijiji vilivyo ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye ardhi bapa iliyoletwa na mito yenyewe. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuwa pale kwa sababu barabara iko pale, soko liko pale, samaki wadogo wa sambaza wanatua pale, na juu ni miteremko tu. Mvua inaeleza wingi wa maji. Haielezi kwa nini maisha ya watu wengi yamekusanyika mdomoni mwa mto, na swali hilo la pili ndilo tunaloweza kulifanyia kazi wenyewe.

Pingamizi zito zaidi ni la vita. Waasi wa M23 waliingia Bukavu Februari 2025, benki zikafunga milango, wazazi wanahangaikia chakula cha leo. Nani atahesabu mifereji ya mabati? Jibu langu ni kwamba vita ni sehemu ya hesabu yenyewe. Tangu vita vya 1996 na 1998, waliokimbia vijiji walipanda miteremko ya mji kwa sababu huko ndiko kiwanja kilikopatikana kwa bei wanayoiweza. Kuwaondoa bila kujua riziki yao iko wapi ni kuwahamishia mteremko mwingine, mara nyingi mbaya zaidi, na huko nako watafuatwa na bulidoza.

Kazi yenyewe si ya gharama kubwa. Sheria ya maji ya Desemba 2015 tayari inataka maji yasimamiwe kwa mabonde, na kwa ziwa na Ruzizi ipo ABAKIR, mamlaka ya nchi tatu, ingawa Kadutu si wengi wanaoijua. Kinachokosekana ni daraja la chini kabisa. Ningeanza na Kawa peke yake, kati ya Juni na Agosti, wanafunzi wa Chuo Kikuu Rasmi cha Bukavu na wa chuo cha ualimu cha ISP wakitembea na machefu wa avenyu toka juu hadi ziwani: maji ya paa yanakwenda wapi, taka zinakwenda wapi, jiko ni la nini, riziki ni ipi. Salongo ya Jumamosi, usafi wa pamoja, ingepata maana mpya. Leo kila avenyu inazibua mtaro wake na kumsukumia taka aliye chini, wakati salongo ingeweza kupangwa kuanzia juu, bonde zima siku moja.

Hofu moja ni ya haki: wakazi watadhani orodha hiyo ni ya kubomolewa, na historia inawapa sababu. Kwa hiyo karatasi isiulize hati ya kiwanja wala jina la mwenye nyumba, na matokeo yasomwe hadharani katika kila avenyu kabla hayajapelekwa kwenye ofisi yoyote. Mkazi akishaona kwenye ramani kwamba ufa wa ukuta wake unaanzia bomba linalovuja hatua arobaini juu yake, atakuwa na la kuiambia REGIDESO, na la kumwambia jirani.