Wahadhiri wa Tanzania na Kenya: Wingi Pekee Hautoshi Kulinganisha

Kijana wa Balang'dalalu, wilayani Hanang mkoani Manyara, anapomaliza kidato cha sita huelekeza maombi yake ya chuo kikuu Dodoma, Arusha au Dar es Salaam. Mradi wa Elimu ya Juu kwa Mageuzi ya Kiuchumi (HEET), unaogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, umekusudia kufupisha safari za namna hiyo kwa kujenga kampasi mikoani. Majengo yanainuka. Linalobaki ni nani atakayefundisha ndani yake, na hapo Kenya hutajwa kuwa mfano, kwa kuwa ina wahadhiri wengi kuliko Tanzania.

Ulinganisho huo una ukweli, lakini si ukweli wote. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu 47,564,296. Hata hivyo Kenya ina wanafunzi wa vyuo vikuu zaidi ya nusu milioni, idadi ambayo Tanzania haijaifikia. Penye wanafunzi wengi hapana budi kuwa na walimu wengi, na wingi huo hauonyeshi kila mhadhiri anabeba wanafunzi wangapi.

Nchi hizi zilianza pamoja. Dar es Salaam na Nairobi, pamoja na Makerere, zilikuwa ndaki za Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki hadi mwaka 1970, kila moja ilipojitegemea. Tanzania ilitanguliza elimu ya msingi, na Azimio la Musoma la mwaka 1974 likawataka wahitimu wa sekondari wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Kenya ilifungua Moi mwaka 1984, Kenyatta 1985 na Egerton 1987, kisha vyuo vingi zaidi vikapandishwa hadhi baada ya sheria ya mwaka 2012.

Upanuzi huo ulikuwa na gharama yake. Kuanzia mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilipokea wanafunzi wanaojilipia, na vyuo vingine vikafuata. Ada zao zikawa nguzo ya mapato. Udhibiti wa mitihani ulipokazwa mwaka 2016, watahiniwa waliopata alama ya C+ na zaidi, kiwango cha kujiunga na chuo kikuu, walikuwa 88,929 tu, na wateja wa masomo ya kulipia wakapungua mno. Migomo ya wahadhiri ya miaka 2017 na 2018 ilidumu kwa wiki nyingi, na ule wa mwaka 2025 ulichukua siku 49, ukihusu malimbikizo ya malipo. Vyuo vingi huko huwategemea wahadhiri wa muda, wanaolipwa kwa somo. Anayewahesabu hao sawasawa na wenye ajira ya kudumu anajidanganya.

Tanzania imeshika njia ya polepole. Anayetaka kuwa mhadhiri msaidizi sharti awe na wastani wa alama usiopungua 3.8 katika shahada ya kwanza na 4.0 katika shahada ya umahiri. Miaka mitatu ya shahada ya kwanza, miwili ya umahiri na mitatu au zaidi ya uzamivu hufanya minane kwa uchache, ilhali jengo la ghorofa hukamilika kwa miwili. HEET inasomesha wahadhiri pia, jambo la busara. Lakini ikama na mishahara yao ingefaa ipangwe kabla ya rangi kukauka ukutani.

Mwezi Mei 2017 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliitangaza kanda yao kuwa Eneo la Pamoja la Elimu ya Juu. Kwa tangazo hilo, mwenye shahada ya uzamivu anayefundisha kwa muda Nairobi angeweza kujaza nafasi iliyo wazi katika kampasi mpya ya Tanzania. Hadi sasa anahitaji kwanza kibali cha kazi na cha ukaazi.