Kibuyu Darasani: Maoni Kuhusu Uhalisia Nyongeza na Mila za Sikukuu katika Shule za Ngaramtoni

Makala haya yanakusudia kutoa maoni kuhusu jambo ambalo zamani lingeonekana geni katika jarida la lugha na fasihi, yaani matumizi ya kamera ya simu au kishikwambi kuwaonyesha wanafunzi mila za sikukuu za wenzao. Teknolojia inayozungumziwa hapa ni ile inayopachika picha, sauti au maandishi juu ya kitu halisi ambacho mtazamaji anakiona mbele yake wakati uleule. Chimbuko lake ni la zamani kuliko wengi wanavyodhani, kwani Ivan Sutherland alikwisha kuunda kifaa chake cha kuvaliwa kichwani mwaka 1968, ingawa umma uliizoea hasa mwaka 2016 kutokana na mchezo wa Pokémon Go.

Yafaa tuanze na jina. Katika maandishi ya kompyuta huitwa “uhalisia ulioboreshwa”. Istilahi hiyo ina kasoro. Kuboresha ni kukifanya kitu kiwe bora, ilhali kibuyu cha maziwa hakiwi bora kwa sababu tu picha imeelea juu yake. Sisi tunapendekeza “uhalisia nyongeza”, kwa kuwa nyongeza hudai kwanza kuwapo kwa kitu kinachoongezewa. Tofauti hiyo si ya maneno matupu, kama itakavyoonekana.

Ngaramtoni ni mji mdogo ulio kando ya barabara itokayo Arusha kwenda Namanga, chini ya Mlima Meru. Wenyeji wake ni Waarusha, ambao lugha yao ni Kimaa. Lakini gulio, hospitali ya Selian, chuo cha misitu cha Olmotonyi na ukaribu wa jiji vimewavuta Wameru, Wachaga, Wapare, Wairaki na wengineo. Hivyo basi, shule zinapofunguliwa Januari, darasa moja hukusanya watoto waliotoka katika sikukuu zisizofanana. Yupo aliyekula loshoro kwa bibi yake, mahindi yaliyokobolewa na maziwa ya mgando. Yupo aliyepelekwa Kilimanjaro kwa Krismasi, akaona jinsi jani la isale linavyotumika kuomba radhi. Yupo pia ambaye sikukuu yake kubwa ni Idd, ambayo kwa kufuata mwezi mwandamo huhama mwaka hadi mwaka na wala haingojei kalenda ya shule.

Ni utajiri mkubwa huo, na shule huukabili kwa insha moja: “Jinsi Nilivyotumia Likizo Yangu”. Kila aliyewahi kusahihisha insha hizo anajua zinavyofanana. Sababu mojawapo, kwa maoni yetu, ni lugha. Mtoto alisimuliwa mambo kwa Kimaa au Kichaga, naye anatakiwa kuyaandika kwa Kiswahili. Lile lisilovuka kwa urahisi analiacha ng’ambo, na linalobaki ni wali, nyama na nguo mpya. Kiswahili hakipaswi kulaumiwa kwa hilo. Lawama ni ya zoezi lisiloacha nafasi ya sauti ya kwanza.

Hapa ndipo uhalisia nyongeza unapoweza kufaa. Chukua kibuyu cha maziwa kilicholetwa darasani na mwanafunzi. Pembeni yake huwekwa kadi yenye mraba mweusi. Kamera inautambua mraba huo, mashine inakokotoa umbali na pembe yake, kisha inatoa kile kilichofungamanishwa nao. Njia hii iliwekwa wazi na Hirokazu Kato kwa programu yake ya mwaka 1999, nayo yaweza kufanya kazi pasipo intaneti. Mwanafunzi anayeelekeza kishikwambi kwenye kibuyu atamsikia bibi akieleza, kwa Kimaa, jinsi ndani ya kibuyu kunavyosuguliwa kwa kijinga cha mzeituni pori ili maziwa yapate harufu na yasiharibike upesi. Na juu ya kibuyu yatapita maandishi ya Kiswahili. Mtoto wa Kipare ataelewa. Mtoto wa Kiarusha atasikia lugha ya nyumbani ikiheshimiwa shuleni, jambo ambalo si la kila siku. Kisha mwalimu aweza kuliweka jani la isale karibu na majani mabichi ambayo Wamaa huyashika kuwa ishara ya amani, na darasa likazungumza juu ya mimea miwili inayosema jambo moja.

Tazama kwamba katika mfano huu hakuna ng’ombe wa kuchorwa anayeruka mezani. Mapambo ya namna hiyo ndiyo yanayopendwa katika maonyesho ya wauza vifaa, na ndiyo yasiyo na maana, kwani ng’ombe wako nje ya dirisha.

Vikwazo vipo. Wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, na sisi hatuoni haja ya kulegeza kanuni hiyo; kishikwambi kimoja cha mwalimu chatosha, na walimu walikwisha kugawiwa vile vilivyotumika katika Sensa ya Agosti 2022. Kikwazo kikubwa zaidi ni ghala. Programu ya Expeditions ya Google, iliyoanza mwaka 2015 kwa ajili ya shule, ilifungwa mwaka 2021. Meta nayo ilifunga jukwaa lake la Spark Januari 2025, na kazi za watu wengi zikatoweka nalo. Sauti ya bibi isihifadhiwe mahali ambapo mwenye nyumba aweza kuhama bila kuaga. Ihifadhiwe katika faili la kawaida la sauti, nakala moja shuleni na nyingine kwa familia yenyewe.

Lipo suala zito kuliko hayo. Likizo ndefu ya Desemba ni pia msimu wa jando, na baadhi ya vijana hurudi shuleni wakiwa wamefunzwa mambo yasiyosemwa mbele ya asiyetahiriwa. Fasihi simulizi ina hadhira yake, na fanani hujua nani asimame mbali. Kamera haijui. Mwalimu mwenye shauku, hasa aliyetoka mbali, aweza kumshawishi mvulana wa darasa la saba arekodi wimbo ambao baba yake asingeuimba sokoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inadai ridhaa kwa ajili ya picha na sauti za watu, lakini ridhaa ya mtu mmoja haitoshi pale ambapo mwenye wimbo ni rika zima. Kwa hiyo twapendekeza kwamba kabla ya kadi yoyote kuchapwa, kamati ya shule imkaribishe laigwanani pamoja na akina mama wazee, nao waseme lipi liingie darasani na lipi libaki bomani. Na watakapokataa, mwalimu asiulize sababu.