Kilabu ni Mahali pa Kuzungumza

Vijana wetu wakirudi likizo kutoka Dar es Salaam, na wachache kutoka London, hawajafungua hata mabegi wanakwisha toa hukumu: "Kyela hakuna maisha ya usiku." Wanalisema hilo kwa sauti ya huruma, kama mtu anayetoa pole msibani. Wameulizia ukumbi wenye taa za rangi wakaukosa, basi wameridhika kwamba jua likizama huku kwetu watu wote hulala pamoja na kuku.

Mimi ni mtu wa huku na sikubaliani nao. Tena nadhani hukumu hii ina madhara, kwa sababu wanaoitoa ndio watakaokuwa madiwani, mameneja na waandishi wa kesho. Mtu aliyeamini kwamba hana kitu hatajali kikiharibika.

Kwanza kabisa, usiku wa Kyela una watu wengi kuliko wanavyodhani. Siku za giza la mwezi, mgeni asimame ufukweni Matema atazame ziwani. Zile taa zilizotapakaa majini kama mji mwingine ni za wavuvi wa usipa, wanaofanya kazi wakati yeye anatafuta muziki. Lakini najua si hilo analoliulizia. Anauliza: jioni mtu aende wapi akanywe na kustarehe? Swali ni halali, na jibu lipo. Aende kilabuni.

Nasema kilabu, siyo baa. Ninachokijua zaidi kiko upande wa Ipinda, chini ya miembe: paa la bati, mabenchi ya mbao yaliyong'arishwa na suruali za watu, na jiko la kuni nyuma ya nyumba ambako birika halipoi. Kinachonywewa hapo ni kimpumu. Ulezi huloweshwa ukachipua, ukaanikwa na kusagwa, kisha ukapikwa na kuachwa uchachuke siku kadhaa. Machicha mazito huwekwa chunguni, maji ya moto yakamiminwa juu yake, na watu wakanywa kwa mirija. Maji yakipungua, yanaongezwa mengine. Chungu kimoja huwaweka watu wanne au watano mahali pamoja jioni nzima, wala hakuna anayeweza kukinywa kwa pupa kama mtu anayekimbizwa.

Hapo ndipo penye siri yake. Chungu cha katikati kinawalazimisha watu kutazamana, na maji ya moto yanawalazimisha kungoja. Watu wanaotazamana huku wakingoja hawana budi kuzungumza. Hapo nimesikia bei ya kakao ikichambuliwa kabla ya mnada kwa umakini ambao sijausikia katika mikutano ya hadhara. Hapo nimeona ndugu wawili waliogombea mstari wa michikichi wakipatanishwa na wazee watatu, bila karani na bila faini, na asubuhi yake mpaka ukapandwa upya.

Wazee wetu walikuwa na neno la jambo hili: ukwangala, yaani kukaa na wenzako kwa furaha, kula, kunywa na kuzungumza. Msomi Monica Wilson, aliyeishi miongoni mwa Wanyakyusa pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alilitambua kuwa ni moja ya nguzo za maisha yetu. Kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika alikiita Good Company, maana yake wenzi wema. Alieleza kwamba kwa Wanyakyusa busara haikupatikana kwa kukaa peke yako. Ilipatikana katika kuzungumza na wa rika lako. Mgeni aliliona hilo akaliandikia kitabu. Sisi wenyewe tunaliita "pombe ya kienyeji" na kupita upande wa pili wa barabara.

Sasa tutazame baa tunazoambiwa kuwa ndiyo maendeleo. Kyela mjini zipo, na sina ugomvi na bia baridi katika joto la bonde letu. Ugomvi wangu ni spika. Zimepangwa mlangoni kwa urefu wa mtu, na ndani kuna televisheni mbili zinazoonyesha mechi mbili tofauti za Uingereza. Rafiki yangu wa zamani alivuka mpaka pale Kasumulu, akitokea kwa ndugu zetu Wangonde wa Karonga, aje kunieleza jinsi baba yake alivyofariki. Tuliingia katika baa moja ambayo sitaitaja. Baada ya kupigiana kelele kwa nusu saa, akachukua kipande cha boksi la sigara na kuniandikia jina la ugonjwa. Habari ya msiba niliisoma kwenye boksi la sigara! Mhudumu alipoombwa apunguze sauti alijibu kwa adabu kwamba bosi amekataza, kwa kuwa watu wakizungumza hawanywi haraka.

Msomaji, jibu hilo lipime vizuri. Kelele ile haikuwekwa kwa bahati mbaya, wala si kwa kupenda muziki. Ni mbinu ya kuuza chupa. Mtu asiyeweza kuzungumza hana la kufanya ila kunywa.

Vijana wataniambia kwamba Ulaya ndivyo ilivyo. Sivyo. Katika England na Wales, nchi inayosifiwa kwa baa zake, hadi Novemba 2005 baa nyingi zilitakiwa kisheria kuacha kuuza saa 5 usiku. Kengele ililia, watu wakamaliza bilauri zao, wakaenda nyumbani. Sifa yake haikujengwa na kukesha. Ilijengwa na meza ya kona ambapo watu wale wale walikutana jioni hadi jioni. Viwanda vikubwa vilipoanza kuua bia ya asili na kuwanywesha watu bia ya mapipa yenye gesi, wanywaji waliunda chama cha kuitetea mwaka 1971, CAMRA, na chama hicho kipo hadi leo. Wabelgiji nao walikwenda mbali zaidi: mwaka 2016 UNESCO iliuandikisha utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Kijana wetu akifika Brussels atalipa fedha nyingi aonje bia iliyopikwa kwa mapishi ya mababu, atapiga picha, atatutumia. Akirudi Ipinda ataona aibu kupita mbele ya mama anayepika kimpumu. Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa, nami naongeza kwamba mtumwa huyu analipa nauli yake mwenyewe.

Najua hoja ya upande wa pili, na siidharau. Ulevi upo. Wapo waume wanaomaliza fedha za mpunga kabla gunia halijafika nyumbani, na wapo watoto wanaolala njaa kwa sababu hiyo. Lakini tuulize kwa haki ni kinywaji gani kilichowaangamiza vijana wetu. Serikali haikupiga marufuku vyungu tarehe 1 Machi 2017. Ilipiga marufuku viroba, vile vifuko vya pombe kali ambavyo kijana alivimeza peke yake juu ya pikipiki saa 2 asubuhi. Kiroba hakikuhitaji mwenzi wala benchi. Kilabuni mtu akizidi, mwenye chungu anamnyang'anya mrija na jirani anampeleka kwake. Ulevi wa hatari ni ule usio na shahidi.

Hoja nyingine ni usafi. Kipindupindu kimeipiga wilaya yetu mara kwa mara, na kinapoingia, kufunga vilabu huwa miongoni mwa amri za kwanza. Sibishani na amri hiyo wakati watu wanakufa. Nabishana na kinachofuata, yaani hakuna kinachofuata. Ugonjwa ukiondoka, kilabu hufunguliwa kikiwa vile vile, bila bomba, bila choo cha maana, kingoje amri nyingine. Wakati huo mama mpishi amekosa mapato ya wiki kadhaa, na mara nyingi mapato hayo ndiyo ada na sare za watoto. Ushuru wake anaulipa. Basi ushuru huo umrudie kwa njia ya maji safi, vyoo na mahali pa kunawia mikono. Kila mnywaji awe na mrija wake, na maji yachemke kweli kweli. Haya si mambo makubwa. Yanakuwa makubwa kwa sababu wanaoyaamua hawajawahi kukaa kwenye lile benchi.

Kwa hiyo mgeni anayetaka usiku wa Kyela namshauri hivi. Afike Matema Jumamosi, aone soko la Lyulilo, ambako vyungu vya Wakisi wa Ikombe huletwa kwa mitumbwi. Anunue kimoja ili ajue pombe yetu inakaa katika kazi ya mikono ya nani. Jioni amtafute mwenyeji wa kumpeleka kilabuni, asiingie peke yake kama mkaguzi. Aamkie wazee kwanza. Akijua kusema mugonile, nusu ya kazi imekwisha. Asipige picha. Anunulie chungu kabla hajauliza maswali. Kama hanywi pombe, aulizie togwa, wala hakuna atakayemcheka. Kisha anyamaze asikilize, kwa kuwa atakachokuja kukisimulia kwao si ladha ya ulezi.

Na wenye baa nawaambia jambo moja tu: zimeni spika moja. Wekeni meza nne mahali ambapo mtu anaweza kumsikia mwenzake, halafu mwone ni wateja gani watarudi kesho. Kijana anayesema Kyela hakuna maisha ya usiku amepima usiku kwa taa na kelele. Aupime kwa kipimo kingine: mara ya mwisho alipotoka baa, alijua nini juu ya mtu aliyekaa naye ambacho hakukijua alipoingia? Kama hana jibu, basi ni yeye aliyekosa mahali pa kwenda jioni.