Wenye simu za ofisi, msituache na muziki



Nina dukuduku langu kuhusu simu za maofisi yenye matawi mengi.

Hivi karibuni nilimsaidia shemeji yangu, mjane wa mdogo wangu aliyekuwa mchimbaji mdogo huko Nyarugusu, kufuatilia malipo ya bima ya marehemu. Tulipiga tawi la hapa Geita. Binti wa mapokezi akasema kwa adabu, “Subirini, nawaunganisha Dar es Salaam.” Ukaanza muziki, ukapigwa mpaka salio likaisha, maana mpigaji hukatwa fedha tangu mapokezi wanapopokea. Tukanunua vocha nyingine. Dar wakatupeleka Mwanza, na Mwanza hawakuwa na habari yoyote. Shemeji alieleza kifo cha mumewe mara nne siku ile, kwa watu ambao hawakumwuliza hata jina.

Mimi si mgeni wa kazi hiyo. Mwaka 1982 nilikuwa opereta, siku za swichibodi za kuchomeka nyaya. Tulifundishwa kwamba humwachi mpigaji mpaka umsikie yule unayemkabidhi. Unaongea naye kwanza: “Kuna mama wa Geita, jambo lake ni hili.” Akikubali ndipo unawaunganisha na kujitoa. Kama hayupo, unamrudia mpigaji na kuandika ujumbe.

Wapo watakaosema mambo ya nyaya yamepitwa na wakati. Sivyo hata kidogo. Mitambo ya siku hizi huyafanya yote hayo na zaidi. Matawi ya Geita, Mwanza na Dar es Salaam yanaweza kuunganishwa yakawa kama vyumba vya jengo moja; wa Geita abonyeze tarakimu tatu au nne tu, simu ilie Dar. Isipopokelewa kwa muda uliopangwa, irudi yenyewe kwa aliyeihamisha, au iende kwa mwenzake wa meza ya pili. Lakini lazima mtu aupange mtambo hivyo. Fundi akishafunga huondoka, na ofisi haimwulizi zaidi ya namna ya kupiga na kupokea. (Muziki tu ndio hausahauliki kuwekwa!)

Mwishowe shemeji alipanda basi kwenda Mwanza. Kweli daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na hatungoji tena kivuko, lakini nauli si bure na siku nzima ya kazi ilipotea. Kilichokuwa kinatakiwa ni nakala ya cheti cha kifo. Hayo ni maneno ya dakika moja.

Nawaomba wakuu wa maofisi ya namna hiyo wapige simu katika matawi yao wenyewe, kwa namba anayotumia mwananchi, bila kutaja vyeo vyao. Waombe kuunganishwa makao makuu, kisha wangoje.

Opereta Mstaafu,
Nyankumbu, Geita.